Somo: Kuitambua asidi ya kaboksili maabarani

Wengi hukosa alama kwa kuishia kwenye karatasi ya litimasi. Ya bluu ikiwa nyekundu, umejua una asidi, basi. Hata fenoli, ambayo si asidi ya kaboksili, huigeuza. Kinachoamua ni baikaboneti.

Tutatumia asidi ya ethanoiki, asidi ya kaboksili iliyomo kwenye siki. Vaa miwani.

1. Chovya litimasi ya bluu, andika ulichokiona, endelea.

2. Weka sm³ 2 za asidi kwenye testi tyubu, tia unga kidogo wa sodiamu baikaboneti, kisha ziba upesi kwa kizibo chenye mrija unaoingia kwenye maji ya chokaa. Asidi itafoka mapovu na maji ya chokaa yatageuka meupe kama tui. Hiyo ni kabonidayoksaidi. Usiiachie gesi muda mrefu, maji yatarudi kuwa maangavu na msimamizi atakuta huna cha kumwonyesha. Fenoli hapa haitoi povu.

3. Kipande cha utepe wa magnesi kwenye asidi iliyozimuliwa hutoa haidrojeni. Sogeza njiti inayowaka mdomoni mwa tyubu, utasikia mlio mfupi.

4. Sasa esta, yaani kinachotokea asidi ya kaboksili ikiungana na alkoholi, jaribio ninalolipenda kuliko yote. Changanya sm³ 2 za asidi ya ethanoiki isiyo na maji na sm³ 2 za ethanoli, kisha dondoshea matone 5 ya asidi ya salfuriki kali, polepole, huku ukitikisa. Simamisha tyubu kwenye bika la maji ya moto kwa dakika 5 hadi 10. Zima moto kwanza, maana mvuke wa ethanoli hushika haraka. Mimina vyote kwenye mmumunyo wa sodiamu kaboneti: asidi iliyobaki itafoka na kuisha, esta itaelea juu. Punga hewa kwa kiganja kuelekea puani. Utakutana na harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha.

CH₃COOH + C₂H₅OH ⇌ CH₃COOC₂H₅ + H₂O

Maswali

*Mwalimu, shikamoo. Nimetumia siki ya dukani, nanusa siki tu.*

Marahaba. Siki ina asidi kama asilimia 5, iliyobaki karibu yote ni maji, na maji huurudisha mmenyuko nyuma. Inakufaa hatua ya 1 na 2.

*Mbona magnesi inasuasua, kwenye haidrokloriki ilichemka?*

Hii ni asidi dhaifu. Kwenye mmumunyo wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), takriban molekuli 13 tu kati ya 1,000 ndizo zilizoachia ioni ya haidrojeni.

*Nikipewa methanoiki na ethanoiki bila lebo?*

Zote zitafoka, baikaboneti haikusaidii. Pasha kila moja na pamanganeti ya potasiamu iliyotiwa asidi. Methanoiki, ile ile wanayorusha majimoto wa kwenye miembe, itafuta rangi ya zambarau. Ethanoiki itaiacha ilivyo.