Kisu cha ufinyanzi: jitengenezee kwa bleidi ya msumeno wa chuma

Kisu cha jikoni hakikati bamba la udongo vizuri hata kikiwa kikali, kwa sababu ya unene wake. Kinapozama, mgongo unatanua udongo kama kabari, kingo zinavimba, na ukija kuunganisha kuta hazikutani. Bleidi ya msumeno wa chuma, ile ya sentimita 30, haifiki milimita 1 kwa unene, ni ngumu, na maduka ya vifaa vya ujenzi wanayo.

1. Funga bleidi kwenye jiliwa, ifunike kwa kitambaa kizito, ivunje ibaki sentimita 18. Vaa miwani, maana bleidi ngumu hurusha vipande.

2. Saga meno yote yaishe kwenye gurudumu la kunolea, kisha chonga ncha ya mshazari. Gusisha sekunde mbili tatu, chovya kwenye maji, rudia. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: chuma kikigeuka buluu, ugumu wake umekwisha na hakitashika makali tena. Saga sehemu hiyo yote uitoe.

3. Noa pande zote mbili kwa jiwe lililoloa. Makali ya wembe hayahitajiki. Udongo wenye chenga za vigae utayala upesi.

4. Zungushia mpini mpira wa tyubu ya baiskeli, sentimita 9 hivi, uubane sana.

5. Pima udongo kabla ya kukata. Bonyeza kwa dole gumba: alama isibaki, ila ukucha uweze kuchora. Udongo mbichi mno hung'ang'ania kisu, hutoa nyuzi na kuvuta kona. Mkavu mno humeguka ukingoni. Hakuna kisu kinachoponya udongo usiofikia wakati wake, kwa hiyo subiri.

6. Bamba la milimita 8 likate kwa kupita mara mbili au tatu, mkono mwepesi, kisu kikisimama wima kando ya rula. Anzia kila kona uelekee katikati, kwani kisu kinachotokea konani huichana.

Kwa chombo cha pembe nne, kingo zitakazoungana zikate kisu kikilala digrii 45. Kwaruza kingo kwa mistari ya kukingamana, paka uji wa udongo uleule, bana, funika kwa nailoni hadi kesho yake. Upande mmoja ukikauka mbele ya mwingine, mshono hupasuka.

Mabaki ya ukingoni yakwangue wakati huohuo, ufute kwa sponji mbichi. Tafadhali usingoje yakauke uyapige msasa: vumbi la udongo lina silika, nayo huharibu mapafu.

Ukimaliza, osha kisu, kikaushe, kipake mafuta kidogo. Chembe ya kutu ikiingia kwenye udongo mweupe huioni leo. Itajitokeza baada ya tanuri, doa la kahawia lisilofutika.