Breki zimelia tena? Uliza ziko wapi pedi za zamani

Foleni ya pantoni pale Magogoni, Dar es Salaam, haina siri. Magari yanasogea hatua tatu, yanasimama, yanasogea tena, na kila nikigusa pedeli Toyota IST yangu ilikuwa inapiga mluzi mwembamba mpaka wauza karanga wakawa wananiita "refa". Gari ni la 2004, lilikuja kutoka Japani, na mimi ni mtu wa pili kuliendesha hapa nchini. Ndani ya miezi mitano nililipia breki mara tatu, kwenye gereji tatu tofauti.

Mara ya kwanza niliwekewa pedi mpya za mbele, yale mabamba yanayobana diski. Kimya wiki mbili, kisha mluzi ukarudi. Fundi wa pili alizivua pedi zile zile, akazisugua kwa msasa, akapunguza kingo zake kwa grainda. Siku nne. Wa tatu akasema shida ni diski, zile sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu, zikapelekwa kukerezwa, zikarudi zinang'aa kama sinia za harusi. Hapo nikapata karibu mwezi mzima wa amani, halafu mluzi ukarudi, safari hii umekuja na mwenzake: mkwaruzo wa "shwaa, shwaa" hata nikiwa sijakanyaga kitu.

Jibu lilikuwa kwenye buti. Nilikuwa natafuta jeki, nikakuta chini ya tairi la akiba boksi la zile pedi mpya za mwanzo, na ndani yake fundi wa kwanza alikuwa ametia pedi nne alizozivua. Tatu zilikuwa bado nene, unaweza kuzitembelea miezi kadhaa. Ya nne ilikuwa imelika mpaka karibu na chuma. Niliwaonyesha nyumbani nikacheka peke yangu. Gari linakula pedi moja kati ya nne, na watu watatu wamelifungua bila kuuliza kwa nini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhitaji spana. Ukibadilishiwa pedi, sema kabla kazi haijaanza: "Fundi, za zamani nazitaka, na uniandikie ipi ilikuwa gurudumu gani, ya ndani au ya nje." Chaki inatosha. Pedi zilizotumika zinaonyesha tabia ya breki zako kuliko maelezo yoyote.

Sikiliza kwanza, kufungua baadaye

Kabla ya kugusa nati, endesha siku nne tano ukiwa na daftari. Mimi niliandika nyuma ya risiti za mafuta. Unachotafuta ni wakati ambao kelele inatokea, maana neno "breki zinalia" halimsaidii fundi.

Mkwaruzo wa asubuhi unaokwisha ukikanyaga mara mbili tatu ni kutu tu juu ya diski. Sisi wa pwani, gari likilala nje na ule unyevu wa chumvi, diski inaamka na rangi ya chungwa. Achana nao. Mlio mwembamba unaosikika gari likitembea na unaonyamaza ukikanyaga, mara nyingi ni kile kibati kilichokunjwa kwenye pedi. Kimewekwa makusudi kigonge diski pedi ikibaki na milimita mbili au tatu, ili ujue umefika mwisho. (Kuna mafundi wanakikunja kando ili mteja aondoke na ukimya wake. Ukigundua umefanyiwa hivyo, hama.) "Kok" moja unapokanyaga mara ya kwanza baada ya kutoka rivasi, hiyo ni pedi inahama kwenye kiti chake, basi angalia kama klipu zake zipo au zilitupwa. Mvumo unaobadilika ukikata kona, ukanyage usikanyage, nenda kwenye beringi ya gurudumu. Na usukani ukitetemeka au pedeli ikikupiga mguu, unene wa diski hauko sawa.

Chuma kusaga chuma, pedeli kuwa laini au kuzama, gari kuvuta upande mmoja ukifunga breki: hapo daftari weka chini. Paki gari, fundi aje lilipo.

Yangu ilikuwa hivi: asubuhi kimya mpaka nivuke; jioni, baada ya kilomita kama kumi za foleni, mluzi ukikanyaga taratibu, na ukikanyaga kwa nguvu unapotea. Kelele inayokuja na joto. Nikafanya jambo ambalo hata mtoto anaweza. Nilipofika nyumbani, badala ya kuingia ndani, nikazunguka gari nikisogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Tatu vuguvugu. Ya mbele kushoto ilikuwa inatoa joto kama jiko la mkaa, na harufu ya kitu kinachoungua. Ukipata gurudumu moja la moto kuliko lenzake la upande wa pili, umeshajua pa kuanzia.

Kufungua

Nilimwomba fundi mmoja jirani yangu hapa Kigamboni anisimamie, nikamlipa muda wake. Kama hujawahi kufungua breki, usianze peke yako. Gari likae pahali tambarare, magurudumu ya nyuma yakingwe kwa mawe, nati zilegezwe kabla ya kunyanyua, na likishapanda liwekwe juu ya stendi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa hata dakika moja.

Kabla ya kutoa tairi, lizungushe kwa mkono, gia ikiwa kwenye nyutro. La kulia lilizunguka likisugua kidogo sana, kama inavyotakiwa. La kushoto lilikuwa zito, likisimama nikiachia.

Tukafungua boliti ya chini ya kalipa, kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, tukaipandisha juu. Ukiitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta, utauumiza. Na vumbi jeusi lililomo humo usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Pedi nyingine za zamani zina asbesto. Lilowanishe, lipanguse kwa kitambaa, kitambaa ukitupe.

Sasa pedi zinasoma hivi. Upande wa kulia, ya ndani na ya nje zilikuwa sawa, kama milimita 8. Kushoto, ya nje 8, ya ndani 4, na uso wake unang'aa kama kigae. Pedi ya ndani ikilika kuliko ya nje kwenye kalipa ya pistoni moja kama hii, shuku pini ambazo kalipa inateleza juu yake, au pistoni (ile inayosukumwa na mafuta ya breki) isiyorudi. Ikiwa imelika mshazari, ncha moja nyembamba na nyingine nene, mara nyingi pini moja tu ndiyo imekwama. Na zote mbili za gurudumu moja zikiwa zimelika sawa lakini kuliko za upande wa pili, usisahau mpira wa breki: unaweza kuvimba kwa ndani ukaruhusu mafuta yaende na yasirudi.

Fundi akajaribu pini. Ya juu ilitoka kwa vidole. Ya chini ilikataa mpaka akaizungusha kwa plaiza, ikatoka na grisi nyeusi nzito, ile ile ya beringi inayouzwa kwenye makopo. Ile pini ina kiraba mwishoni. Kilikuwa kimevimba kimejaza tundu lote.

Hapa ndipo kesi yangu ilipoisha, kwa hiyo nitakaa kidogo. Raba za breki hazipatani na grisi ya kawaida wala mafuta ya injini. Zinayanywa na kuvimba. Pini iliyovimba haitelezi. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani. Ukiachia, kalipa hairudi vizuri, pedi inabaki inalamba diski barabara nzima. Inapata joto, uso wake unakakamaa na kung'aa, unaanza kutetemeka juu ya diski, na ule mtetemo ndio mluzi. Weka pedi mpya juu ya pini hiyo: wiki mbili nazo zimekakamaa. Piga msasa: siku nne. Kereza diski: uso mpya unakupa muda zaidi, kisha unarudi pale pale. Mafundi wangu watatu hawakunidanganya, kila mmoja aliondoa kilichokuwa kinalia. Nani aliyeweka grisi ile sijui, na huenda iliwekwa kabla gari halijawa langu.

Kurudisha

Tulinunua raba mpya za pini na grisi ya silikoni ya breki, kijitubu kidogo tu. Matundu ya pini tuliyasafisha kwa kitambaa na kisafishio cha breki mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Angalia ipi ilikaa juu na ipi chini kabla ya kuzichanganya, maana hazifanani: yenye kiraba irudi tundu lake. Pistoni nayo tuliisukuma ndani polepole kwa klampu huku tukichungulia mtungi wa mafuta usifurike. Iliingia bila kugoma, na raba yake haikuwa imechanika. Ingegoma, tungekuwa na kazi nyingine.

Kiti cha pedi, pale zinapoteleza, sugua kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe. Klipu ziwe mpya au angalau zisiwe zimepinda. Mabati membamba ya mgongoni mwa pedi yarudi. Yapo kuzima mtetemo, lakini mara nyingi huachwa sakafuni. Grisi ya joto kali unapaka mgongoni na kwenye masikio ya pedi, kidogo kama unapaka siagi ya mtu bahili. Kwenye uso wa pedi au diski isiguse kabisa. Kuna jirani aliniambia nipulizie mafuta ya kulegeza kutu kelele itakwisha. Itakwisha kweli, na breki nazo zitakwisha.

Diski pima unene kabla ya kuikubali. Kiwango cha chini kimeandikwa kwenye diski yenyewe kwa herufi ndogo, MIN TH, kisha milimita. Kila kukereza kunaipunguza, kwa hiyo anayekushauri kukereza mwambie akupimie kwanza. Vilevile ivue uangalie kutu kati yake na habu, kile kitovu inachokalia. Kutu kidogo hapo inaifanya diski izunguke ikiyumba, na hata iwe mpya itakuletea mtetemo baada ya muda.

Pedi nilinunua mpya, zote nne. Ile iliyong'aa ungeweza kuipiga msasa, ila ndani milimita 4 na nje 8 sikutaka. Nati nne za tairi zikazwe kwa kuvuka, ukimaliza hii unakwenda ya mkabala, na kwa nguvu inayotakiwa. Kwa Toyota nyingi ndogo ni Nm 103, Nm ikiwa kipimo cha nguvu ya kukaza. Yule anayepanda juu ya spana na kuruka anaweza kupinda diski uliyotoka kuikereza.

Halafu, kabla gari halijasogea, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ukisahau hili, mkanyago wa kwanza hautapata breki, na ukuta wa jirani uko mbele yako.

Jioni nilikwenda barabara ya Kibada ikiwa haina watu. Kutoka 50 kushuka 15, bila kusimama kabisa, mara ishirini, nikiacha kama nusu dakika kila mara zipoe. Hivyo pedi na diski zinazoeana. Kukaza breki na kusimama zikiwa za moto kunaacha alama ya pedi juu ya diski.

Mkwaruzo uliobaki

Mluzi ulikufa siku ile ile. Lakini "shwaa, shwaa" bado, kulia, hata bila kukanyaga. Nilianza kuwaza beringi, nikawaza pesa. Fundi akaingiza tochi nyuma ya diski akacheka: bati la kukinga vumbi lilikuwa limepinda linagusa ukingo wa diski, huenda lililegea siku diski ilipong'olewa kwenda kukerezwa, likaja kugusa baadaye. Akalivuta kwa vidole. Sekunde tano, bure. Hata kokoto ikinasa hapo italeta sauti hiyo hiyo, kwa hiyo chungulia hapo kabla hujalipia beringi.

Breki za nyuma za gari langu ni za drumu, zile ambazo viatu vya breki hubana kwa ndani ya ngoma ya chuma, na hazikuwa na neno. Zako zikilia, fungua uone kama vumbi limejaa, na kama zile sehemu za bati ambazo viatu vya breki vinateleza zimekauka; hizo nazo zinataka grisi, tone tu, mbali na uso wa kiatu. Na ukiwa umeshafungua, angalia mafuta ya breki. Yanavuta unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakiwa meusi kama chai ya rangi, mwambie fundi ayabadilishe na kutoa upepo.

Imepita miezi mitatu sasa. Kila Jumapili nazunguka na kiganja changu kwenye rimu, mazoea tu. Fundi jirani aliziomba zile pedi nne za zamani akawaonyeshe vijana anaowafundisha. Nimempa tatu. Ile iliyolika ipo kwenye dashibodi.