Jinsi ya Kuzunguka Miji ya Ujerumani kwa Gharama Ndogo Wakati wa Wimbi la Joto

Nyumba nyingi za Ujerumani zilijengwa kwa kuihofia baridi. Kuta ni nene, madirisha yana vioo viwili au vitatu, na paa huzibwa ili joto lisipotee. Lakini joto hilohilo likishapenya ndani baada ya siku tatu au nne mfululizo za jua kali, halina pa kutokea. Viyoyozi ni nadra majumbani, na katika hosteli za bei nafuu ni nadra vilevile. Tarehe 25 Julai 2019, vituo vya hali ya hewa vya Duisburg-Baerl na Tönisvorst, magharibi mwa nchi, vilipima nyuzi 41.2 za Selsiasi, kiwango ambacho vitabu vingi vya wageni vinavyosifia majira ya joto ya Ulaya havimwandai msomaji kukikabili. Hata msafiri aliyekulia katika nchi ya joto asidhani kwamba mazoea yake yatamtosha, kwa sababu joto la miji hii humfuata mtu kitandani na kukaa naye hadi alfajiri.

Jambo la kwanza la kupanga, hata kabla ya nauli, ni saa za siku. Mwanzoni mwa Julai jua la Berlin huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama karibu saa tatu na nusu usiku. Aidha, kwa kuwa saa husogezwa mbele katika majira ya joto, jua hufika utosini baada ya saa saba mchana, na hewa huendelea kupata joto hadi kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, yaani kati ya 16:00 na 18:00 katika ratiba za treni. Mgeni aliyejificha adhuhuri na kutoka saa kumi akidhani kwamba makali yamepungua hutoka wakati mbaya kuliko wote. Tembea mjini kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne au saa tano, kaa mahali penye ubaridi mchana wote, kisha utoke tena kuanzia saa moja na nusu jioni, wakati mwanga bado ni wa kutosha kuyaona majengo na mitaa imeanza kujaa watu waliokuwa wakingoja kama wewe.

Kuhusu malazi, nasisitiza kwamba hapa si mahali pa kubana senti ya mwisho. Kitanda cha bei ya chini kabisa mara nyingi huwa katika chumba cha watu kumi chini ya paa, ghorofa ambayo Wajerumani huiita Dachgeschoss, na huko joto la mchana hujikusanya hadi chumba kikawa tanuri. Kabla ya kulipia, iandikie hosteli na uulize mambo manne: chumba kiko ghorofa ya ngapi, dirisha linatazama upande gani, lina pazia la nje la mbao au la chuma, na je, kuna feni. Chumba cha ghorofa ya chini kinachotazama kaskazini au uani, hata kikiwa ghali kidogo, kinakupa usingizi, na bila usingizi mpango wote wa kuamka alfajiri huvunjika. Hosteli za vijana za shirika la DJH hudai uanachama, lakini nyingi ziko nje kidogo ya katikati ya mji, karibu na miti, na usiku huko hupoa upesi kuliko kati ya majengo na lami.

Ukishaingia chumbani, fuata desturi ya wenyeji. Madirisha yafunguliwe wazi kabisa usiku na alfajiri, si kuinamishwa nusu, kisha yafungwe pamoja na mapazia ya nje hewa ya nje inapoanza kuwa ya moto kuliko ya ndani, kwa kawaida kabla ya saa tatu asubuhi. Wageni wengi hufanya kinyume: huacha dirisha wazi mchana ili upepo uingie, na jioni wanakuta chumba hakilaliki. Waeleze wenzako wa chumbani jambo hili kwa upole siku ya kwanza. Mwenye hema anaweza kwenda kwenye kambi rasmi, achague mahali patakapokuwa na kivuli asubuhi. Kupiga kambi ovyo msituni kwa ujumla kumekatazwa, na wakati wa ukame misitu ya misonobari ya Brandenburg, inayouzunguka mji wa Berlin, hushika moto kwa cheche ndogo.

Penye nafuu kubwa ni usafiri. Tiketi iitwayo Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na ambayo tangu Januari 2026 ni euro 63, humruhusu mtu kupanda treni zote za mikoa, treni za mjini, tramu na mabasi ya mijini kote nchini kwa mwezi mzima wa kalenda. Haitumiki kwenye treni za mwendo mrefu za ICE, IC na EC. Kwa kuwa huuzwa kama mkataba unaojiongeza wenyewe, ni lazima uusitishe mapema, kwa kawaida kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaotaka uwe wa mwisho. Na kwa kuwa huhesabiwa kwa mwezi wa kalenda, safari ya tarehe 20 Julai hadi tarehe 10 Agosti itakulazimu kulipia miezi miwili. Baadhi ya wauzaji hudai akaunti ya benki ya Ulaya, wengine hukubali kadi, kwa hiyo shughulikia suala hili kabla ya kuondoka.

Hata hivyo, tiketi hiyo isikushawishi kuvuka nchi nzima kwa treni za mikoa siku ya joto kali. Kutoka München hadi Berlin kwa njia hiyo huchukua sehemu kubwa ya siku, pamoja na kubadili treni mara kadhaa kwenye majukwaa yasiyo na kivuli. Kwa safari ndefu kama hiyo ni afadhali kununua tiketi ya bei ya punguzo ya ICE wiki kadhaa mapema na kukaa ndani ya behewa lenye kiyoyozi, kisha Deutschlandticket itumike kwa safari fupi na za mjini. Ukipanda treni ya kuelekea kaskazini asubuhi, keti upande wa kushoto, maana jua liko kulia. Chukua lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu hata kama safari ni ya saa moja, kwa sababu treni ikisimama njiani ndipo kiu huanza kuuma.

Maji yenyewe hayahitaji kununuliwa. Maji ya bomba ya Ujerumani ni safi ya kunywa, isipokuwa palipoandikwa Kein Trinkwasser, yaani si maji ya kunywa, na miji imekuwa ikiongeza chemchemi za umma za kunywea. Berlin pekee inazo zaidi ya 200. Maduka na mikahawa yenye kibandiko cha Refill mlangoni hukujazia chupa bila malipo. Mkahawani, lakini, usitarajie glasi ya maji ya bomba bure, kwa sababu mwenye mkahawa halazimiki kuitoa. Ukinunua chupa ya plastiki au kopo, utalipa dhamana ya senti 25, ambayo utarudishiwa kwenye mashine ya dukani, usiitupe. Kuna ubahili mmoja unaonitia wasiwasi kuliko mwingine wowote: watu hujizuia kunywa maji ili wasilipe euro moja ya choo cha stesheni. Maktaba, makumbusho na maduka makubwa huwa na vyoo, na miji mingi ina mikahawa yenye kibandiko cha Nette Toilette ambako mpita njia huruhusiwa kuingia bure. Kunywa, kisha utafute choo.

Mambo ya chakula ni mepesi. Maduka makubwa hufungwa Jumapili, isipokuwa yale ya stesheni kuu, kwa hiyo nunua Jumamosi mkate, matango, nyanya na tikiti maji. Brezel, mkate uliosokotwa wenye chembe za chumvi, hurudisha sehemu ya chumvi unayoipoteza kwa jasho. Nyama na maziwa visikae begini.

Saa za mchana zinahitaji mahali, na mahali pazuri mara nyingi pana kiingilio kidogo au hapana kabisa. Makanisa makubwa ya kale yenye kuta nene za mawe hubaki na ubaridi hata wiki ya pili ya joto. Ingia kwa heshima, vua kofia, ukae kimya. Maktaba za umma hazimuulizi mtu kadi ili akae na kusoma, na ile ya Stuttgart, iliyofunguliwa mwaka 2011, yenye ukumbi mweupe unaopanda ghorofa hadi ghorofa, inastahili kutembelewa hata siku ya baridi. Stuttgart yenyewe iko ndani ya bonde linaloshika joto, basi makimbilio kama hayo yana thamani zaidi huko. München, tiketi ya Alte Pinakothek siku ya Jumapili ni euro moja tu. Bustani za bia za Bayern, jimbo la kusini ambalo München ni mji mkuu wake, nazo zina historia inayomfaa msafiri asiye na fedha nyingi: watengeneza bia walipanda miti ya chestnut yenye majani mapana juu ya maghala yao ya ardhini ili yabaki na ubaridi, na agizo la mfalme la mwaka 1812 liliwaruhusu kuuza bia hapo lakini si chakula, ndiyo maana hadi leo katika bustani za jadi unaweza kuleta chakula chako na kununua kinywaji tu. Agiza Apfelschorle, maji ya tufaha yaliyochanganywa na maji ya gesi. Pombe mchana wa joto huukausha mwili. Uepuke mchana uwanja wa Tempelhofer Feld wa Berlin, uliokuwa uwanja wa ndege hadi 2008: ni mpana na wa kupendeza jioni, lakini kivuli ni haba mno.

Kuogelea ndiko burudani kuu, na pia ndiko kwenye hatari kubwa. Berlin, ziwa la Schlachtensee liko karibu kabisa na stesheni yenye jina hilohilo. Leipzig, ziwa la Cospudener See ni shimo la zamani la mgodi wa makaa lililojazwa maji. Mabwawa ya wazi ya manispaa hutoza euro chache, nayo yana nyasi, miti, maji ya kuoga na walinzi. Nenda asubuhi, ukiwa na kitambulisho. Mto Rhine usiingie hata mpaka magotini: mkondo wake una nguvu, na meli za mizigo huvuta maji kutoka ufukweni kisha kuyarudisha kwa ghafla. Elbe karibu na Hamburg ni vivyo hivyo. Asiyejua kuogelea vizuri akae mahali penye walinzi, na mwenye mwili wa moto ajimwagie maji kwanza kabla ya kuingia ziwani.

Utabiri ukionyesha siku kadhaa za nyuzi 35 au zaidi, badilisha njia yenyewe. Freiburg, Karlsruhe na Mannheim, katika bonde la Rhine ya juu, huwa miongoni mwa miji yenye joto kali zaidi, ilhali pwani ya Baltiki hupata upepo wa bahari. Kutoka Hamburg unafika Lübeck kwa treni ya mkoa kwa muda usiofika saa moja, na treni inayoendelea hadi Travemünde Strand hukushusha karibu na mchanga. Kutoka Rostock treni ya mjini huenda Warnemünde, kwenye pwani hiyohiyo.

Idara ya hali ya hewa, DWD, hutoa tahadhari za joto kwa viwango viwili na ina programu ya simu iitwayo WarnWetter. Mwenzako akilalamika kichwa, kichefuchefu na kulegea, mpeleke kivulini, mlaze, mpe maji kidogo kidogo na umloweshe ngozi. Akichanganyikiwa, akizimia au mwili wake ukiwa wa moto kupita kiasi, piga 112 mara moja, na uendelee kumpoza huku ukingoja. Asiyejitambua asipewe cha kunywa. Kwa ugonjwa usio wa dharura kubwa, namba ni 116117. Bima ya safari inayotakiwa kwa viza ya Schengen, yenye kima cha chini cha euro 30,000, ni ya kutumiwa kwa mambo kama haya, hivyo nakala yake iwe kwenye simu na kwenye karatasi.

Wimbi la joto aghalabu humalizika kwa dhoruba ya radi. Mawingu yakianza kujenga mnara upande wa magharibi, toka majini, ondoka chini ya miti mirefu na uingie ndani ya jengo. Miti ikianguka juu ya reli, treni za eneo zima huweza kusimama hadi siku ya pili. Kwa sababu hiyo, usiku wa mwisho kabla ya ndege ya kurudi ulale katika mji ulio na uwanja huo wa ndege.