Jinsi ya Kutengeneza Kibuyu Chirizi Nje ya Choo

Katika vijiji vya pwani ya Bagamoyo kama Mlingotini, wakulima wa mwani huyangojea maji ya bamvua, ambayo huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa ndipo bahari hukupwa sana na mashamba yakafikika kwa miguu. Mtoto akiharisha siku hizo, mama hubaki nyumbani kumuuguza, na kazi ya nusu mwezi humpotea. Kwa hiyo anayetaka kuinua kipato cha nyumba kama hiyo na aanze na kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia mikono linaloinamishwa kwa mguu, kazi ya asubuhi moja ambayo vifaa vyake karibu vyote vimo kijijini.

Tafuta dumu la lita 5 lenye mkono na kifuniko, ambalo halijawahi kutiwa dawa ya shambani wala mafuta ya taa. Shika msumari kwa koleo, upashe moto, kisha toboa tundu moja upande usio na mkono, kiasi cha sentimita 12 chini ya kifuniko. Toboa na kifuniko katikati, upitishe kamba na kuifunga fundo kwa ndani ili isichomoke.

Simika nguzo mbili zenye panda, kila moja ya urefu wa mita 2, katika mashimo ya nusu mita yaliyoachana kwa sentimita 70. Wengi hupenda boriti za mikoko, lakini mikoko inalindwa kisheria, nayo ndiyo inayoushika ufuo wetu. Mwarobaini unatosha, na ukikatwa huchipua tena upesi. Pitisha fito kwenye mkono wa dumu na uilaze juu ya panda, kisha funga ile kamba ya kifuniko kwenye fimbo ya kukanyagia, ncha moja ikiwa chini na nyingine ikining'inia sentimita 15 juu ya ardhi. Jaza maji yaishie chini kidogo ya tundu. Ukikanyaga, dumu huinama na maji huchirizika, bila mkono mchafu kugusa chochote.

Sabuni inahitaji uangalifu kuliko dumu lenyewe, kwa sababu ndiyo inayopotea kwanza: mvua huiyeyusha, na kunguru wa pwani huidokoa mpaka iishe. Itoboe katikati, ining'inize kwa taitai, ile kamba nyembamba ya kufungia mwani, iliyobaki shambani, na juu yake ufunike kifuu cha nazi kilichotobolewa, kilichogeuzwa kama mwavuli. Sabuni ikiisha, majivu safi ya jikoni yatumike kwa muda, lakini yasigeuzwe kuwa mazoea.

Chini ya dumu mwaga changarawe pasituame maji, na hatua moja pembeni panda mgomba au mpapai unywe yanayochirizika.

Kunawa kwenyewe kuna utaratibu wake. Lowesha mikono, paka sabuni, sugua kwa sekunde 20 viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha, kisha suuza na uache ikauke kwa hewa. Ukiifutia kwenye kanga uliyoshinda nayo, unarudisha uchafu uliokwisha kuutoa. Nawa baada ya kutoka chooni, kabla ya kupika, kula na kumlisha mtoto, na pia baada ya kumsafisha mtoto aliyejisaidia. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, ilhali nacho hubeba vimelea vya kuharisha.

Kibuyu kiwe hatua chache tu kutoka mlangoni mwa choo, kwani kikiwa mbali mtu atakipita. Mpe mtoto mmoja wa nyumbani jukumu la kukijaza kila asubuhi, na kila wiki dumu lisuguliwe ndani kwa mchanga na maji. Kikishazoeleka, jenga cha pili karibu na jiko.