Mwenza Yuko Kazini, Wewe Uko Mjini: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari

Barua ya mwaliko huwa na jina moja. Tiketi iliyolipwa na mwajiri ina jina moja, bima ya safari ya kikazi ina jina moja, na chumba cha hoteli mara nyingi kimeandikishwa kwa jina hilohilo. Jina hilo si lako. Anayefuatana na mume au mke anayekwenda kwenye mkutano au mafunzo nchi ya nje hudhani safari imeshapangwa kwa kuwa mwenza ana karatasi zote, kumbe kilichopangwa ni nusu tu. Tena kuanzia asubuhi hadi jioni mwenza huyo atakuwa ukumbini, simu ameizima sauti. Jiandae kama msafiri wa peke yake ambaye usiku atakuwa na mwenzake wa kulala chumba kimoja.

Anza na viza, maana hiyo hairekebishiki ukiwa umeshafika. Kila mtu huomba yake. Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, pasipoti yako iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka katika nchi hizo, na kurasa 2 tupu. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Muda unaoruhusiwa kukaa ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na hesabu hiyo ni ya mtu mmoja mmoja. Kama ulizuru nchi hizo miezi michache iliyopita, siku zako zilizobaki zinaweza kuwa chache kuliko za mwenza hata kama mnasafiri pamoja. Ambatanisha cheti cha ndoa na barua inayosema nani anakulipia. Ikiwa majina yenu ya ukoo hayafanani, nakala ya cheti hicho isibaki nyumbani hata baada ya viza kutoka. Na kama unapanga kufungua kompyuta hotelini ufanye kazi yako ya kila siku wakati mwenza yuko mkutanoni, soma kwanza masharti ya viza ya matembezi. Zipo nchi zinazohesabu hilo kuwa kazi.

Bima ni mahali ambapo wengi huumia. Bima ya mwajiri kwa kawaida humkinga mwajiriwa tu. Mwambie mwenza aulize kwa maandishi, ajibiwe kwa maandishi: je, mke au mume anayesafiri naye amejumuishwa? Kama hapana, kata yako, kisha usome mambo matatu: kiwango cha matibabu, gharama za kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa, na maelezo kuhusu ugonjwa ulio nao tayari. Hilo la tatu ndilo hunyima watu fidia, kwa sababu hawakulitaja kwenye fomu. Namba ya simu ya dharura ya bima iandike kwenye karatasi pamoja na namba ya bima yenyewe.

Dawa zikae kwenye pakiti zake za asili, ndani ya begi la mkononi, zikizidi siku za safari kwa siku nne au tano hivi. Barua ya daktari itaje jina la kitaalamu la dawa, kwa kuwa jina la biashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Usidhani dawa ya kawaida kwenu ni ya kawaida kila mahali. Japani hairuhusu kuingiza dawa za mafua zenye zaidi ya asilimia 10 ya pseudoephedrine, na Umoja wa Falme za Kiarabu hutaka kibali cha mapema kwa dawa zenye codeine, kiungo cha baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi.

Hotelini, jina lako liandikishwe kama mgeni wa pili kabla hamjafika. Mapokezi yanayojali usalama hayatampa ufunguo mtu asiye kwenye orodha, hata akitaja namba ya chumba na jina la mwenye chumba. Ombeni kadi mbili za mlango. Katika hoteli nyingi umeme wa chumba huwaka pale tu kadi inapochomekwa kwenye kisanduku kilicho karibu na mlango, na lifti haipandi bila kadi. Mwenza akiondoka na ile ya pekee, unabaki gizani na simu haichaji. Piga picha ya kadi ya anwani ya hoteli, ile yenye maandishi ya lugha ya pale, kwa sababu dereva wa teksi anaweza asisome herufi zetu. Hakikisha imeandika mtaa, si jina la hoteli tu: hoteli za kampuni kubwa huwa na matawi kadhaa katika mji mmoja, na kupelekwa tawi jingine upande wa pili wa jiji ni kosa la kawaida sana.

Sasa simu, ambayo ndiyo ramani yako, mkalimani wako na uzi unaokuunganisha na mwenza. Piga *#06#, ikitokea namba iitwayo EID, simu yako inapokea laini ya eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka. Inunue na kuipakia ukiwa bado una waifai ya uhakika nyumbani, maana kuipakia huhitaji intaneti, na waifai ya uwanja wa ndege huweza kukuomba namba ya simu ya nchi ile ambayo ndiyo huna. Kagua pia kama simu imefungiwa kwenye mtandao mmoja. Iliyofungiwa haitakubali laini ya kampuni nyingine. Laini nyingi za wasafiri ni za data pekee, hazina namba ya kupigiwa. Kwa hiyo programu za teksi zisajili kwa namba yako ya kawaida kabla ya kuondoka, uweke na kadi ya malipo, uione imekubaliwa.

Laini yako ya nyumbani usiitoe. Benki hutuma msimbo wa kuthibitisha malipo kwa ujumbe mfupi kwenye namba hiyo, na aliyeitoa hugundua kosa lake akiwa dirishani kwa mkata tiketi. Iache iwake kwa ujumbe mfupi, lakini zima data yake ya nje ya nchi, vinginevyo salio litakwisha kimyakimya huku programu zikijisasisha.

Ramani ipakue mapema, lakini ujue mipaka yake. Ramani ya Google iliyopakuliwa hukuonyesha ulipo, kwa kuwa GPS haihitaji data, na hutoa maelekezo ya gari. Maelekezo ya kutembea kwa miguu na ya treni au basi hayapatikani bila intaneti. Ndiyo maana asubuhi, kabla hujatoka hotelini, inafaa kupiga picha za skrini za safari ya siku: jina la kituo, namba au rangi ya njia, mwisho wa njia upande unaoelekea, na kituo cha kushuka. Ule mwisho wa njia husahaulika, kumbe ndio unaoandikwa kwenye vibao vya stesheni. Usipoujua utapanda treni sahihi inayokwenda upande usio sahihi.

Simu inayotumika kwa ramani, kamera na tafsiri itaishiwa chaji mchana. Pawabenki ya mAh 10,000 inatosha siku nzima kwa mtu mmoja. Kwenye ndege hukaa begi la mkononi, haiwekwi kwenye mzigo wa kukabidhi, na kikomo cha kawaida bila kibali ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Ili kupata Wh, zidisha mAh kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000. Ya mAh 20,000 ni Wh 74, haina tatizo. Maandishi ya kipimo chake yakiwa yamefutika, maofisa wanaweza kuichukua. Kwenye chaja tafuta “100–240V”. Ikiwa na hayo unahitaji adapta ya plagi tu. Chukueni adapta mbili, moja akae nayo yeye.

Kuhusu fedha, kanuni ni kadi mbili zinazotoka akaunti mbili tofauti, nazo zisikae pamoja. Kadi ya pili iliyounganishwa na akaunti ya mwenza si akiba ya kweli, kwani benki ikishuku na kuzuia akaunti, mmekwama nyote wawili saa ileile. Wajulishe benki tarehe na nchi, na kagua kikomo cha matumizi ya nje. Kwenye ATM au mashine ya dukani utaulizwa kama ulipe kwa fedha ya nyumbani au ya pale. Chagua ya pale kila mara. Ukichagua ya nyumbani, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, na hakipangi kwa faida yako. Weka sarafu chache mfukoni kwa ajili ya vyoo vya kulipia na makabati ya mizigo.

Usafiri wa mjini una kanuni ndogo zenye faini kubwa. Kwingine unagusisha kadi unapoingia na unapotoka. Ukisahau ya kutokea unatozwa nauli ya juu kabisa. Kwingine hakuna geti, bali kuna kijimashine cha kugonga muhuri, na tiketi isiyogongwa huhesabiwa kuwa haipo hata kama umeilipia. Utetezi wa “mimi mgeni” haumgusi mkaguzi. London kuna kikomo cha nauli kwa siku ukitumia kadi ya benki, lakini kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo ndani ya simu huhesabiwa kuwa mbili. Ukichanganya, hufiki kikomo. Wala ninyi wawili hamwezi kugusisha kadi moja kwa safari moja. Kila mtu na yake.

Ratiba ya mwenza ichukue ikiwa imeandikwa: jina la jengo, lango, saa za mapumziko, na namba ya mwenzake mmoja wa kazini. Andikeni saa kwa mtindo wa 15:00. Sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri tunaweza kukubaliana “saa tatu,” mmoja akiwa na saa yetu kichwani na mwingine akisoma saa ya ukutani, kisha kila mmoja akamlaumu mwenzake kwa kuchelewa. Pangeni nyakati mbili za kutumiana ujumbe, kwa mfano 13:00 na 17:00, na mkubaliane nini kifanyike ujumbe usipofika: subiri saa moja, piga hotelini, kisha ndipo mpigie mwenzake wa kazini. Bila makubaliano hayo, betri iliyokwisha hugeuka kuwa taharuki katikati ya kikao. WhatsApp hukuruhusu kushiriki mahali ulipo moja kwa moja kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Saa 8 zinalingana na siku ya kazi, ila hula chaji.

Namba za dharura zikariri: 112 katika Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani. Jaza kwenye simu taarifa za afya zinazosomeka bila kuifungua, na mtu wa kupigiwa asiwe mwenza peke yake; ongeza na mwingine anayepokea simu mchana.

Kupanga siku zenyewe ni kazi tamu, ila watu hujaza mno. Siku ya kwanza isiwe na tiketi ya kulipia. Zunguka mitaa iliyo karibu na hoteli, ndani ya kilomita moja hivi. Tafuta duka la dawa, stesheni, mahali pa kula mchana, na njia yenye taa ya kurudia jioni. Kuanzia siku ya pili, jambo moja lenye saa maalumu kwa siku linatosha, mengine yalizunguke katika mtaa uleule. Safari za kuvuka jiji zianze baada ya 09:30, wafanyakazi wakishapita, na urudi kabla ya 16:30. Kagua siku za kufungwa: huko Paris, makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne na ya Musée d'Orsay Jumatatu, na Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Begi kubwa huzuiliwa mlangoni kwenye makumbusho mengi, kwa hiyo beba dogo lenye zipu, litakalokaa kifuani penye msongamano.

Viatu viwe vimeshazoea miguu. Kwa kutembea peke yako utafanya kilomita 10 hadi 15 kwa siku bila kujua, kwa kuwa hakuna wa kukuambia “tukae kidogo.” Ukitaka kusoma ramani, ingia dukani au egemea ukuta, simu zinazonyakuliwa na wapita njia wa pikipiki na baiskeli ni zile zilizoshikwa ukingoni mwa barabara. Pasipoti, kwa jumla, ni bora ibaki kwenye kasha la hoteli utembee na nakala, lakini angalia sheria ya nchi: Japani humtaka mgeni kutembea na pasipoti yenyewe.

Lipo jambo lisilo na fomu. Kabla ya kuondoka, mgawane mji: yapi utayaona peke yako, yapi yamsubiri mwenza. Asipoulizwa, atakuta umeshamaliza kile kitu kimoja alichokitamani. Jioni naye atarudi amechoka kusema na watu, wewe ukiwa umekaa kimya tangu asubuhi na una mengi ya kusimulia. Mpe nusu saa kwanza.

Siku ya mwisho jina moja hurudi tena. Mwenza ana kikao hadi alasiri, chumba kinatakiwa 11:00, na aliyeacha kadi yake kama dhamana ni yeye. Usiku wa kuamkia siku hiyo nendeni wote mapokezini: lipeni madeni ya chumba, ulizeni kama saa za kutoka zinaweza kusogezwa, mizigo itahifadhiwa wapi na risiti itabaki kwa nani. Risiti ya mizigo ikae kwako, kwa sababu wewe ndiye utakayerudi hotelini kwanza.