Kesho kutwa iliyojificha ndani ya "perendinate"

Mara ya kwanza nilipokutana na kitenzi cha Kiingereza "perendinate" nilikuwa natafsiri barua ya mteja, na kamusi sikuifungua. Niliona "per", nikaona "end", nikajisemea hii ni "kumaliza kabisa". Kumbe mwenye barua alikuwa anasema kazi ataisogeza hadi kesho kutwa. Mimi nikamfanya aseme ameshaimaliza. Simu aliyonipigia siisimulii.

Tangu siku hiyo, kitenzi cha namna hii nakianzia mkiani. Ng'oa "-ate" kwanza. Hiyo ni alama tu, imetoka kwenye "-atus" ya vitenzi vya Kilatini vinavyoishia na "-are". Kinachobaki, "perendin-", usikikate kwa macho kama nilivyofanya mimi: "end" si neno la Kilatini hata kidogo, kwa hiyo halina la kufanya humo. Fungua kamusi ya Kilatini utafute neno zima, utakuta "perendie", yaani kesho kutwa. Ile "die" ya mwisho ni "dies", siku. Hapo ndipo lilipotoka "perendinus", "-a kesho kutwa", kisha kitenzi "perendinare".

Sasa mlete nduguye, "procrastinate". "Pro" ni mbele, "cras" ni kesho. Huyu anapiga kalenda hadi kesho. Mwenzake anairuka hata hiyo kesho.

Warumi hawakuwa wanatania na siku hii. Mahakamani walikuwa na "comperendinatio", kuahirisha kesi hadi siku ya tatu. (Wao waliihesabu na leo: leo moja, kesho mbili, kesho kutwa tatu.) Verres, aliyekuwa gavana wa Sisilia, aliposhtakiwa na Cicero, wakili na msemaji maarufu wa Roma, mwaka 70 KK, hakuisubiri awamu ya pili ya kesi baada ya ahirisho hilo, alikwenda zake uhamishoni.

Ukikitafsiri kitenzi hiki, "kuahirisha" peke yake hakutoshi, maana hakusemi hadi lini. Andika "kusogeza hadi kesho kutwa". Matini yakiwa ya kale, chunguza pia maana ya kukaa mahali kama mgeni, kwa kuwa Kilatini cha Zama za Kati kilikitumia hivyo. Ukikitamka, mkazo uangukie "ren": pe-REN-di-neit.

Cha kusogeza hadi mtondo au mtondogoo bado sijakiona.