Chupa ya mvinyo isiyotaja zabibu

Mgeni anaagiza Chardonnay, mhudumu anamjibu imekwisha, na huku Chablis mbili zimelala kwenye friji ya kaunta. Chablis ni mvinyo mweupe wa eneo la Chablis, Ufaransa, na zabibu yake ni Chardonnay tupu. Kosa hutokana na mazoea: mvinyo mwingi wa madukani Arusha na Moshi ni wa Afrika Kusini, ambako jina la zabibu huandikwa waziwazi mbele. Ufaransa, Italia na Hispania huandika zaidi jina la eneo, maana sheria ya eneo ndiyo inayoamua zabibu ipi itumike.

Kwa hiyo anza na lebo. Tafuta herufi zinazoonyesha kuwa eneo linalindwa kisheria: AOC au AOP kwa Ufaransa, DOC au DOCG kwa Italia, DOCa kwa Rioja ya Hispania. Jina linaloambatana na herufi hizo ndilo eneo, na ukilijua umeijua zabibu. Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc, nyekundu yake Pinot Noir. Beaujolais nyekundu ni Gamay. Barolo na Barbaresco ni Nebbiolo. Chianti Classico lazima iwe na Sangiovese isiyopungua asilimia 80. Rioja nyekundu hutawaliwa na Tempranillo. Bordeaux huchanganya zabibu: ndani yake, sehemu ya Pauillac huegemea Cabernet Sauvignon, ya Pomerol huegemea Merlot, ndiyo maana Pomerol kwa kawaida ni laini zaidi mdomoni.

Yapo majina pacha, na hapa hata wazoefu huteleza. Pouilly-Fumé ni Sauvignon Blanc, Pouilly-Fuissé ni Chardonnay. Montepulciano d'Abruzzo imetengenezwa kwa zabibu iitwayo Montepulciano. Vino Nobile di Montepulciano imepewa jina la mji, na zabibu yake kuu ni Sangiovese. Muscadet nayo haina zabibu ya Muscat hata tone, zabibu yake ni Melon de Bourgogne. Andika kikaratasi "Chablis = Chardonnay", kifunge shingoni mwa chupa, na ufanye hivyo kwa kila chupa isiyojieleza.

Lebo ya Afrika Kusini ikitaja zabibu moja, angalau asilimia 85 ni hiyo. Zinazobaki zinaweza kuwa nyingine. Ukikuta Steen, ni Chenin Blanc. Pinotage ni uzao wa Pinot Noir na Cinsaut, uliopatikana huko huko mwaka 1925. Kwa chupa za Dodoma, kumbuka kuwa Makutupora ni mahali na pia ni aina ya zabibu nyekundu, kwa hiyo soma lebo ya nyuma kabla ya kumjibu mteja.

Ukishaitambua zabibu, angalia joto. Sauvignon Blanc itoke ikiwa na nyuzi 8 hadi 10, Chablis 10 hadi 12, nyekundu nzito 16 hadi 18. Usiku wa Julai Arusha nyekundu inaweza kukaa rafuni bila shida. Moshi mwezi Februari, rafu ile ile inaipasha mpaka pombe inatangulia puani na tunda halisikiki. Itie kwenye friji dakika 20 kabla ya kuifungua.